Kasino ya Bwera na Blanketi la Mama Mkwe

Sipendi kamari, na nawachukia zaidi wale wanaosema hawapendi kamari kisha wanakusimulia kila karata waliyoishika tangu ujana. Basi nivumilieni, maana nami nakaribia kufanya hivyo hivyo. Ila mimi nilicheza siku moja tu, mchana kweupe, siku ya soko kule Bwera, karibu na mpaka wa Kongo, na kilichonifikisha mezani ni lori lililochelewa kupakia.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sitini. Nilikuwa karani katika ghala la mizigo la stesheni ya Kasese, kijana wa Kitswamba mwenye suruali mbili, na nilikuwa nimeposa. Mchumba wangu alifanya kazi katika hospitali ya misheni, Kisinga. Yeye na mama yake walikuwa watu wa Butembo, Kongo; baba alikwisha kufariki, na wao walivuka mpaka wakati wa vita wakakaa kwa mjomba wake hapo hapo Kisinga. Baba yangu mdogo alikuwa amekwenda kwao mara mbili kuzungumza kwa niaba yangu. Sasa ilibaki mimi mwenyewe kwenda Jumapili, kujitambulisha na kupeleka blanketi la mama mkwe. Blanketi likipokelewa, umepata mke. Likikataliwa, unarudi nalo begani, na kila unayempita njiani anajua yaliyokupata.

Huyo mama sikuwahi kumwona. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni wala hawali sahani moja, na wakikutana njiani mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Nilichojua juu yake ni kile alichoniambia binti yake: ni mtu wa kanisa, anauza vitenge, na ni mkali.

Ijumaa ile niliomba ruhusa kazini nikapanda lori la rafiki yangu, dereva Mwislamu wa Kasese aliyekuwa akifuata kahawa Bwera. Nilitaka kununua blanketi sokoni, kwa kuwa huko mablanketi yalikuwa bei nafuu. Fedha za blanketi nilizitia katika mfuko wa shati, nikafunga kifungo, na kwa kuwa najijua nikatia na pini juu yake. Tulipofika, mwenye kahawa akatuambia bado anapima magunia, tungoje mpaka saa tisa.

"Twende Kasino," dereva akasema. "Iko na soda baridi."

Kasino ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la sabuni. Mwenyewe alikuwa mzee wa Beni ambaye zamani alipika katika hoteli ya Wabelgiji. Alipokimbia vita aliacha kila kitu isipokuwa kitambaa cha kijani cha meza ya karata, akakivusha mpakani akiwa amekizungusha kiunoni chini ya koti. Kilikuwa na alama ya pasi katikati. Juu yake watu walicheza poka kwa vizibo vya soda vilivyopakwa rangi nyekundu, ili mtu asilete vyake kutoka nyumbani; kizibo kimoja nusu shilingi. Ukutani palikuwa na kipande cha boksi kilichoandikwa kwa mkaa: hakuna kuongeza zaidi ya vizibo viwili kwa mara moja, wala zaidi ya mara tatu katika mchezo mmoja. Mzee alisema aliwahi kuona mtu akipoteza lori pale hotelini, na hakutaka kuona tena kitu kama kile.

"Kaa, cheza," dereva akaniambia. "Mimi nakunywa soda tu, dini yangu inakataa. Lakini kuangalia haikatai."

Akanieleza haraka haraka. Kila mtu anatoa kizibo kimoja, anapewa karata tano, akitaka anabadilisha tatu. Kisha anayeziamini karata zake anaongeza, na anayeogopa anazitupa. Wote wakitupa ukabaki peke yako, vyote ni vyako hata kama mkononi umeshika takataka.

Nilikuwa na shilingi sita zangu mwenyewe. Mezani walikuwapo wauza samaki wawili wa Katunguru, ambao walikuja kupoteza na wakapoteza. Mbele yangu alikaa mama mmoja wa makamo, mnene, kitambaa cha njano kichwani na medali ya Bikira shingoni, na sahani ya karanga karibu na kiwiko chake. Bwera siku ya soko ilijaa akina mama wa Kongo wa namna ile. Alinisukumia sahani, nami nikachota.

Mara ya kwanza nilipata mabibi watatu. Nilitabasamu mpaka masikio yakasogea. Yule mama akanitazama kwa huruma, akasema taratibu, "Tafadhali, mutoto wangu, kama itakupendeza, mi naongeza mbili." Nikafikiri, mtu anayeomba kwa adabu namna hii amejaza mkono, ananionea huruma tu. Nikatupa mabibi wangu. Akafunua karata zake: tano zisizojuana hata kidogo.

"Weye," akasema akicheka, "uso yako iko nasema byote mbele ya mukono."

Nilikasirika. Mchezo uliofuata akanguruma, "Mbili. Leta ao tupa." Sasa nakujua wewe mwongo, nikajiambia, nikaleta. Alikuwa na wafalme watatu. Wauza samaki wakacheka, nami nikatamani kumtupia mtu soda.

Vizibo viliendelea kuondoka mpaka nikabaki na saba. Yule mama akanyoosha kidole kwenye shati langu. "Na iyo mufuko ya pini iko na nini? Fungua."

"Si zangu," nikamwambia. "Ni za mama mmoja."

"Basi usiguse," akasema kwa ukali, akachukua karanga.

Hapo nikaacha kutazama karata zangu nikaanza kumtazama yeye. Nilimkodolea macho bila haya, kama mtu anayesoma bango. Na nikaona kitu. Alipokuwa na karata nzuri alifoka, neno moja au mawili, kama mtu anayefukuza mbuzi. Alipokuwa hana kitu ndipo ilipokuja tafadhali, na mutoto wangu, na kama itakupendeza. Mama yule alijua kudanganya kwa uso wote, lakini adabu yake ilimponza. Nilisubiri.

Nikapata saba mbili tu, na takataka nyingine tatu. "Tafadhali, mutoto wangu," akaanza, sauti laini kama ya mtawa, "kama itakupendeza, mbili." Wauza samaki wakaweka. Mimi nikaweka viwili na kuongeza viwili. Wao wakatupa. Yeye akanishukuru, akaomba radhi kwa kunisumbua, akaongeza viwili vya mwisho. Nikaweka vizibo vyangu viwili vya mwisho mezani. Hakuwa na kitu. Saba zangu mbili zikachukua rundo zima.

Yule mama akazisukuma karata zake kando. "Nani amekuambia?" akauliza.

Dereva alinikanyaga mguu chini ya meza, nami kwa mara ya kwanza siku ile nikafunga mdomo. Nje mwenye kahawa akapiga honi ya lori kutuita, ikanisaidia kuondoka. Nilitoka na shilingi nne juu ya zangu, na nilipofika sokoni nilizijumlisha na zile za mfukoni, nikaliacha blanketi jepesi nililokusudia nikachukua lile zito lenye mistari myekundu. Nilijiona mjanja sana.

Jumapili tukaenda Kisinga, mimi na baba mdogo. Mjomba wa mchumba wangu alitukaribisha sebuleni. Kwenye mlango wa chumba cha ndani palitundikwa kitenge, na nyuma yake alikaa mama mkwe, kama desturi inavyotaka. Mimi niliinamisha kichwa nikatazama vidole vyangu vya miguu. Nikaambiwa nisalimie kwa sauti ili mama asikie. Nikasalimia.

Nyuma ya pazia sauti ikasema, "Sema tena."

Ninyi mmekwisha kuelewa. Nami nikaelewa. Nilikuwa nimemtazama usoni mchana mzima, tena kwa kumkodolea. Nilikula karanga zake sahani moja. Nilimhesabu kuwa mwongo, nikamlia fedha zake, na fedha zenyewe zilikuwa zimelala mapajani mwangu zimekuwa blanketi. Nilisalimia tena, safari hii sauti ikitoka nyembamba kama ya kuku. Niliogopa kama sijawahi kuogopa, kwa sababu nilimpenda yule msichana na nilikuwa nimemchezea kamari kwa vizibo vya soda bila kujua.

Mjomba akauliza, "Dada, umesikia. Unasema nini?"

Kukawa na mchakacho wa nguo, kisha akasema taratibu: "Tafadhali, wazee wangu, musikasirike. Nashukuru sana kwa safari yenu. Lakini mutoto yangu angali mudogo. Kama itawapendeza, murudie na blanketi yenu mpaka siku ingine."

Baba mdogo akageuka rangi. Akainuka, akatafuta kofia yake, akaanza kutamka yale maneno ya heshima ya mtu aliyefukuzwa. Na mimi, bado nimeinamisha kichwa, nikayasikia yale maneno tena masikioni. Tafadhali. Nashukuru. Kama itawapendeza. Adabu tupu, kila neno limepakwa mafuta. Jasho likanikauka palepale.

Nikamshika baba mdogo pindo la koti. "Kaa," nikamwambia.

"Una wazimu? Tumekataliwa."

"Baba, kaa. Hatuondoki."

Mchumba anayesema siku kama ile ni kitu kisichosikika, na mjomba alinitazama kana kwamba nimevua shati. Baba mdogo akakaa, kofia mkononi. Tukakaa. Kuku akaingia, akatutazama, akatoka. Sikujua kama nimeokoa ndoa yangu au nimeizika, lakini nilikaa.

Kisha nyuma ya pazia mtu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa. Mkono mnene ukatokea chini ya kitenge, kiganja juu.

"Leta."

Nilisukuma blanketi sakafuni bila kuinua macho. Mkono ukalipapasa, ukapima uzito wake, ukasimama kidogo kwenye ile mistari.

"Iko muzito," akasema. "Franga yangu yenyewe iko ndani." Akalivuta kwake, likapotea lote zima nyuma ya pazia. Kisha akafoka, "Na weye, mutoto ya bure, ile mufuko ya pini ulifunga muzuri. Sasa nyamaza, baache bakubwa baseme."

Baba mdogo alikufa bila kujua mama yule alikuwa akizungumzia nini. Mimi nilinyamaza kama nilivyoamriwa, machozi yakinidondokea kwenye vidole vya miguu, na sijawahi tena maishani kukaripiwa nikafurahi kama siku ile.