Maombi ya Saa Nne Asubuhi

Hebu fikiria benchi la zahanati pale Thika. Mume anayefanya zamu ya usiku kiwandani ameinamisha kichwa, na mkewe anamsemea.

"Bwana daktari, huyu hacheki, hali chakula. Juzi aliniambia haoni maana ya kuishi. Na tunamwombea kila siku!"

"Mnamwombea saa ngapi, mama?"

"Saa nne asubuhi, akishalala. Akina mama wa kanisa wanazunguka kitanda, tunaimba."

"Kwa sauti?"

"Ngai! Tumnong'oneze Mungu?"

Mume akainua kichwa. "Wakimaliza wananiamsha, tusalimiane."

Daktari akafunika mdomo kwa kiganja, kisha akasema kwa upole, "Mama, mtu akikosa usingizi siku nyingi, huzuni humwingia. Alale kwanza, na Jumatatu umrudishe nimwone."

"Na wageni?"

"Wape chai nje, waimbie kanisani."

Mume alicheka kidogo, na mkewe akamtazama kama mtu aliyerudi kutoka safarini.

Msomaji wangu, najua unapenda kuwajulia hali majirani. Tafadhali, kumbuka hili tu: kabla ya kumwamsha mwenye huzuni ili umfariji, muulize mkewe alilala lini.