Dizeli Iliyomfanya Mjomba Aseme

Siku tulipomrudisha Kuka, babu yangu, nyumbani kuzikwa, gari lililobeba jeneza lake lilisimama kando ya barabara, likaanza kunguruma lenyewe.

Hakuna mtu aliyekuwa ndani. Hakuna mguu kwenye mafuta.

Lilinguruma dakika thelathini na moja. Najua kwa sababu nilikuwa naangalia saa.

Watu kama sitini walisimama juani wakilitazama. Wazee walivua kofia. Mjomba wangu Cornelius alipiga magoti kwenye lami, na suti yake mpya.

Naitwa Awinja. Nina diploma ya ufundi wa magari na nafanya kazi kwenye gereji moja hapa Malava. Nalisema mapema, usije ukadhani nakuletea hadithi ya majini.

Mjomba Cornelius ni kaka mkubwa wa mama yangu. Mwaka juzi alitaka kununua pikapu kubwa ya milango minne, zile za kazi nzito, boneti yake inakufika kifuani. Akaja gereji kuniuliza ushauri. Yaani, alikuja kutafuta mtu wa kumpinga.

"Petroli ama dizeli?"

"Utakuwa unaenda nayo wapi, Anko?"

"Sokoni. Kanisani. Mahali popote mtu anaenda."

"Utavuta trela ya miwa?"

"Mimi? Kwani nakaa kama trekta?"

"Basi chukua ya petroli."

Nikamweleza polepole. Dizeli ina nguvu ya kuvuta, hiyo sikatai. Kama unavuta tani tatu mpaka Eldoret kila siku, nunua dizeli na mimi nitakupigia makofi. Lakini hizi za kisasa zina kichujio kwenye ekzosi cha kunasa masizi. Kichujio hicho hujisafisha kwa kuyachoma masizi, na hakiwezi kuyachoma kama hakijapata joto la safari ndefu. Ukiwa mtu wa kwenda sokoni na kurudi, masizi yanajaa tu. Ya petroli haina hayo mambo. Unawasha, unaenda, unarudi.

Mjomba alicheka mpaka akakohoa.

"Petroli ni ya walimu wa nasari. Mwanaume anasikika akiwa bado kwa kona."

Akanunua dizeli.

Kutoka kwake hadi sokoni ni kilomita tatu.

Sasa Mama. Anaitwa Milcah. Aliachana na baba yangu nikiwa darasa la sita, tukarudi kwa Kuka, naye Kuka akamwonyesha shamba la chini, karibu na mto. Mama akajenga hapo. Akapanda miwa, akapanda mboga, akanisomesha.

Miezi miwili kabla ya kufa, Kuka alimwita Cornelius chumbani, wawili tu. Cornelius alipoondoka, Kuka alituambia mimi na Mama: "Nimemwambia. Shamba la chini ni la Milcah. Yeye ndiye atasimama aseme."

Kuka akafa. Tukamuuliza Mjomba.

"Baba hakuniambia kitu."

Hivyo tu. Akaendelea kuchovya mkate kwenye chai.

Kwetu, siku ya tatu baada ya mazishi watu hunyolewa, kisha ukoo unakaa na kusema nani anabaki wapi. Binti aliyerudi kutoka kwa mume hana mdomo kwenye kikao hicho. Mtoto wa huyo binti hana hata kiti. Mwenye neno alikuwa Cornelius. Akinyamaza, Mama angeng'oa mabati yake na kutafuta pa kwenda akiwa na miaka hamsini na mbili.

Siku ya kuuchukua mwili, Mjomba alikataa gari la kukodi. Kuka angeletwa na dizeli yake, watu waone. Mimi nikawekwa kiti cha mbele, "fundi awe karibu."

Tulitoka mochari Kakamega mjini saa nne asubuhi. Mwendo wa matanga unaujua. Wapigaji wa ngoma za isukuti wako kwenye lori nyuma, watu wanaimba, gari linatambaa kama lina miguu inayouma. Kwa kichujio kilichojaa, mwendo huo ni sumu.

Karibu na Malava, katikati ya mashamba ya miwa, pikapu ikaishiwa nguvu. Mjomba alikanyaga mafuta, nayo ikazidi kupoa.

"Awinja, gari inakataa."

Akaegesha pembeni bila kuzima injini. Nikatazama dashibodi. Pale ambapo taa ya kichujio hukaa palikuwa na stika ndogo ya njiwa.

"Anko, hii stika ni ya nini?"

"Kuna taa ilikuwa inawakanga hapo. Ilikuwa inanisumbua."

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

Tulikuwa mwezi wa nane.

Nikabandua njiwa. Taa ilikuwa inawaka, ya rangi ya chungwa, imechoka kusubiri. Nilijua dawa yake. Kuna kitufe chini ya usukani. Gari likiwa limesimama, unakibonyeza, injini inapandisha mzunguko yenyewe na kuchoma masizi kwa nusu saa hivi. Basi. Nikahakikisha hatujasimama juu ya majani makavu ya miwa, maana ekzosi hugeuka jiko.

Nilikuwa nimeanza kumweleza Mjomba, lakini alikuwa ameshashuka. Nje, Kukhu Sellah, dada yake Kuka, alikuwa amefika na fimbo yake. Alisimama kwenye dirisha langu akalitazama jeneza.

"Joash amekataa kwenda," akasema kwa sauti, akimtaja Kuka kwa jina lake. "Kuna mtu ana neno lake hapa."

Kama wewe ni wa huku, unajua. Maiti akikataa njia, aliyemkosea hujitokeza akasema.

Nikabonyeza kitufe. Nikashuka. Nikafunga mlango.

Injini ikapanda. Ekzosi ikaanza kutoa joto la kukunja hewa na harufu ya kitu kinachoungua.

"Hakuna mtu ndani!" mama mmoja akapiga kelele.

Isukuti zikanyamaza. Nilifungua mdomo niseme ni kichujio.

Kisha nikaiona sura ya Mjomba Cornelius.

Nikafunga mdomo.

Wa kwanza alikuwa binamu yangu Osiako. "Kuka, ile redio yako haikuibwa. Niliiangusha kwa choo."

Injini ikanguruma.

Jirani yetu Wandera akavua kofia. "Mzee, ng'ombe wangu walikuwa wanaingianga kwa miwa yako. Hawakuwa wanapotea. Nilikuwa nawafungulia."

Injini ikanguruma.

"Amekubali?" mpigaji isukuti mmoja akauliza. "Tuendelee ama?"

Kukhu Sellah akanigeukia. "Awinja, wewe ndiye fundi. Vipi?"

Nikatazama saa. Dakika kumi na tisa.

"Bado, Kukhu."

Hapo ndipo Mjomba alipopiga magoti.

"Baba, uliniambia. Uliniita ukaniambia shamba la chini ni la Milcah. Nilinyamaza kwa sababu nililitaka. Ni lake. Nasema mbele ya watu hawa wote, ni lake."

Mama alishika mkono wangu akaufinya mpaka vidole vikafa ganzi. Mzee Makhanu, mwenyekiti wa ukoo, akatoa daftari kwenye koti akaandika, akawaita watu wanne waweke sahihi hapo hapo kwenye boneti iliyokuwa inatetemeka.

Lakini masizi ya tangu Pasaka si mchezo. Gari halikunyamaza.

Mjomba alitazama kushoto na kulia. Jasho lilikuwa linadondoka puani.

"Na pia," akasema, sasa kwa sauti ya chini kabisa, "huyu mtoto aliniambia ninunue ya petroli. Alisema kweli."

Injini ikashuka. Ikatulia kama paka.

Watu wakapiga vigelegele. Tukamzika Kuka saa nane.

Siku ya kunyoa, kikao kilichukua dakika kumi. Neno lilikuwa limeshaandikwa.

Wiki mbili baadaye fundi mwingine alimweleza Mjomba kile kitufe ni cha nini. Nasikia alikaa kwenye kiti cha dereva saa nzima bila kuwasha. Kisha akaita ukoo. Alitaka daftari lifutwe. Mzee Makhanu akamuuliza swali moja.

"Uliyoyasema yalikuwa ya uongo?"

Mjomba akaanza kueleza habari za kitufe.

"Basi hakuna cha kufuta."

Ila wakaamua nilimchezea marehemu, kwa hiyo nipeleke kuku na niombe msamaha. Jioni hiyo nikaenda kwa Kukhu Sellah, nikijua yeye ndiye atakuwa ameumia zaidi. Alikuwa anachambua mboga.

"Mimi nilikuwa kwa dirisha," akasema bila kuinua kichwa. "Nilikuona ukibonyeza."

"Na hukusema?"

"Niseme nini, na bado Cornelius alikuwa hajasema?"

Nikamsaidia kuchambua mboga.

Funzo? Kabla hujanunua gari, angalia safari zako, usiangalie kona utakayosikika ukikata. Na taa ikiwaka, usiibandike njiwa.

Ukoo bado unasubiri. Mama anasema nipeleke tu kuku yaishe.

Sipeleki kuku. Siombi msamaha.