Mchanga Laini wa Nyumba Kumi na Moja

Kile kipimo kilianza kulia tangu mlangoni.

Kilikuwa kinatoa sauti ndogo ya tik, tik, kama mtu anayechezea kalamu. Mpimaji alipokisogeza kwenye ukuta wa chumba cha nyuma nyumbani kwa dada yangu, zile tiki zikaungana zikawa mlio mmoja mrefu.

Dada yangu akauliza kama mashine imeharibika.

Mpimaji, mwanamke mdogo tu wa umri wa kuwa binti yangu, alikirudisha nyuma, akakisogeza tena, akamwangalia mwenzake aliyekuwa anaandika namba kwenye daftari.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi. Ukuta ule nilipiga plasta mimi.

Nikapiga funda la chai.

Sasa nieleze vizuri, maana nimeishi na hili jambo kifuani nimechoka. Mimi ni mwashi. Shule niliachia darasa la tano, kwa hiyo msitegemee maneno makubwa.

Kazi ya plasta inakaguliwa kwa kiganja. Mwenye nyumba anaangalia, anatingisha kichwa, halafu anapitisha mkono ukutani taratibu. Mkono ukikwama kwenye chembe, jina lako limechafuka mtaa mzima. Na mchanga wa mtoni una chembe. Unachekecha mara mbili, mara tatu, bado zimo.

Kwangu mkono haukuwahi kukwama. Wakaniita Fundi Kioo.

Siri ilikuwa mchanga. Nyuma ya kilima kuna mgodi uliofungwa tangu mimi mtoto. Wenyewe walisaga mawe, wakatoa walichokitaka, mabaki wakayamwaga hapo hapo. Lundo kama kilima cha pili. Mchanga wa kijivu, laini kama unga. Uzio ulishaanguka zamani. Unaingia na mkokoteni, unajaza magunia, unatoka.

Na sisi mafundi tuna tabia moja. Hakuna anayemwambia mwenzake anakochota mchanga. Ukiulizwa unajibu "kule mbali", mazungumzo yameisha. Hata mwenye nyumba hajui ukuta wake umetoka wapi, anaona magunia yameshushwa tu.

Nyumba kumi na moja nilizipiga plasta kwa mchanga ule. Hakuna binadamu aliyejua.

Ya tatu ilikuwa ya dada.

Dada ndiye aliyenilea mama alipofariki. Alipojenga, nikamwambia plasta ni zawadi yangu, asitafute fundi mwingine. Nikampigia nyumba nzima, na chumba cha nyuma nikakipiga kwa mapenzi yote, kwa sababu shemeji alikitaka kiwe ofisi yake.

Shemeji alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mtu wa utani. Siku nilipomaliza alisimama mbele ya ukuta akajipapasa kidevu, akasema sasa hahitaji kioo, atanyolea ndevu hapo hapo.

Akaniomba kitu kimoja. Upepo ulikuwa unampeperushia karatasi za wanafunzi, kwa hiyo niyazibe matundu ya hewa ya juu ya dirisha. Nikayaziba kwa saruji. Dirisha lenyewe alilifunga miaka yote.

Kila jioni alikuwa mle ndani, anasahihisha madaftari. Jumamosi na Jumapili pia.

Miaka sita.

Halafu kikohozi. Halafu damu kwenye leso. Hospitali wakasema saratani ya mapafu. Shemeji hakuwahi kuvuta sigara maishani mwake, hata moshi wa jirani ulimkera. Miezi saba tukamzika.

Nani angefikiria ukuta?

Wapimaji walikuja miaka miwili baadaye. Serikali ilikuwa imeamua kupima mionzi kwenye makazi yote yaliyo karibu na migodi ya zamani. Na kwenye chumba cha nyuma, kwenye rafu iliyoegemea ule ukuta, wakakuta sanduku la mawe.

Yalikuwa mawe ya kufundishia. Shemeji aliyaokota na wanafunzi wake, kila jiwe limebandikwa karatasi yenye jina. Mpimaji akasema watayachukua wakayachunguze, watarudi wiki ijayo kupima upya, na chumba kisitumike kwa sasa.

Hakusema mawe ndiyo yenye kosa. Mtaa ndio uliosema.

Kufikia asubuhi ya pili habari ilikuwa imeshapikwa ikaiva. Eti Mwalimu alikuwa anafuga mawe ya sumu. Eti aliwapa watoto wayashike. Wazazi wakaanza kuja kwa dada mmoja mmoja. Mama mmoja aliuliza kama mwanawe atakuja kupata watoto. Mwingine alisimama nje ya geti, akakataa hata kiti.

Nilimsikia dada yangu akiomba msamaha kwa niaba ya marehemu mume wake. Alisema yeye hakujua, na marehemu naye hakujua, wamsamehe.

Na mimi niko pale pale, nakunywa chai yake.

Niseme ukweli: nilipumua. Nilijiambia sanduku limeondoka, watu watasahau, marehemu haumizwi na maneno. Hivyo ndivyo nilivyowaza, na sitaki kujipamba.

Kisha mpwa wangu akajifungua mapema, kabla ya tarehe aliyopewa. Mtoto wa kwanza, binti. Mpwa mwenyewe alikuwa anakuja kupumzika kwa mama yake miezi mitatu. Dada akanipigia simu akiwa na furaha ambayo sikuwa nimeisikia tangu msiba. Alisema mawe yameshaondoka, chumba cha nyuma kina kivuli kizuri, nije nikipake chokaa kabla ya saa nane mchana.

Nilienda. Nilibeba brashi na ndoo kama mtu anayekwenda kazini.

Kitanda kilikuwa kimeshaingizwa. Pembeni, usawa wa mto, kitanda kidogo cha mtoto. Kimegusa ukuta.

Nikachovya brashi. Nikaiinua. Mkono ukakataa.

"Dada," nikasema, "mtoto asilale humu."

Alikuwa anakunja nepi. "Kwa nini tena? Si mawe wameyabeba?"

"Siyo mawe. Ni ukuta. Ule mchanga niliutoa mgodini."

Aliacha kukunja. Nikamweleza yote: lundo, mkokoteni, magunia. Niliongea nikiangalia ndoo.

Akaniuliza swali moja tu. "Ulijua?"

"Sikujua, dada."

Akaweka nepi chini, akaja akanishika bega, akasema, "Basi hukujua, mdogo wangu. Mungu anajua hukujua." Na akakibeba kitanda cha mtoto, akatoka kukihamishia kwa jirani.

Nikatafuta nyundo. Nilitaka niubandue ule ukuta wote kabla mpwa hajafika. Bahati nzuri nilimpigia mpimaji kwanza. Akaniambia niweke nyundo chini nitoke nje, kwa sababu nikiuvunja vumbi lake litaingia kwenye mapafu yangu na ya mtaa mzima. Nimeupiga mimi, lakini kuutoa siruhusiwi.

Alikuja siku ile ile. Nikamtajia nyumba zote kumi na moja, moja baada ya nyingine, na ya tisa ilikuwa zahanati.

Alinielewesha kwa maneno ya kawaida, namshukuru. Kwenye ule mgodi walichimba urani. Waliitoa, lakini vitu vingine vyenye mionzi vilibaki kwenye mabaki, kimojawapo radiamu. Hivyo vinatoa gesi inayoitwa radoni. Haina harufu, haina rangi. Nje inapeperuka. Ndani ya chumba kilichofungwa inajikusanya, unaivuta, na miaka ikipita inaweza kukuletea saratani ya mapafu.

Nikamuuliza kama ukuta ndio uliomuua shemeji.

"Siwezi kusema ndio," akajibu. "Siwezi kusema sio. Ninachoweza kusema ni kwamba hewa ya kile chumba haikufaa mtu kuivuta."

Na yale mawe? Mawe ya kawaida tu. Hayakuwa na tatizo lolote.

Wiki iliyofuata kukawa na mkutano shuleni, kwenye darasa alilofundisha shemeji. Dada alinitaka nisimame niseme mbele ya wazazi kwamba mume wake hakuwa na kosa. Nikasimama. Nikasema mchanga ni wangu, Mwalimu hahusiki, mnaotaka kugomba mgombe na mimi.

Wengine walilia. Kuna mzee mmoja alikuja kunipa mkono, akasema si rahisi mtu kujitaja. Dada alikuwa mstari wa mbele na mjukuu wake mapajani, ananiangalia kama zamani alipokuwa ananinunulia viatu.

Mpimaji akasoma majibu ya nyumba moja moja. Zipi zifunguliwe madirisha tu na kuongezewa matundu ya hewa, zipi plasta itolewe na watu wenye vifaa. Zahanati ilikuwa kwenye kundi la pili.

Alipomaliza, kinyozi ambaye tunapakana ukuta akanyoosha kidole.

"Na kwa Fundi mwenyewe? Yeye si alipiga plasta mwaka ule ule wa zahanati?"

Mpimaji akafungua daftari. Kwangu walipima pia, akasema. Hakuna kitu. Plasta ni ya mchanga wa mtoni.

Nilisikia mtoto akinyonya kidole.

Kuna jambo nimewaficha hata nyinyi mnaosoma.

Nilipomaliza nyumba ya nne, nilikutana na mlinzi wa zamani wa mgodi pale kwenye lundo. Mzee, anachunga mbuzi wake. Akaniuliza nachota wa nini. Nikamwambia wa kujengea. Akasema enzi zao walikatazwa hata kukanyaga pale na viatu vya nyumbani, na wenzake wengi walikufa kwa magonjwa ya kifua. Hakujua sababu. Alisema tu: mimi nisingelala kwenye nyumba ya mchanga huu.

Sikumuuliza zaidi. Nilijaza magunia yangu nikaondoka, njiani najiambia mzee kachoka akili.

Lakini ilipofika zamu ya kupiga plasta kwangu, nilikwenda mtoni. Nikachekecha mara tatu. Mke wangu aliniuliza mbona leo nataabika, nikamjibu mchanga mwingine umeisha.

Haukuwa umeisha. Magunia manane yalikuwa zahanati, nimeyapanga mwenyewe.

Hayo yote niliyasema pale mbele ya watu, kwa sababu dada alikuwa ameshageuka kuniangalia na sikuweza kumdanganya mara ya pili. Watu walianza kunguruma. Kinyozi aliniita neno ambalo sitaliandika.

Dada alisubiri mpaka kelele zikapungua.

"Mlinzi alikwambia lini?"

Nikahesabu. "Kama miaka mitano kabla Mwalimu hajaanza kukohoa."

Akamrekebisha mjukuu begani.

"Siku zake za mwisho alitaka alale chumba kile, kwenye vitabu vyake," akasema. "Akaniomba nimfungulie dirisha. Nikamkatalia. Nikamwambia utapata baridi."

Akatoka, mpwa wangu akamfuata, na mpwa alipopita mbele yangu hakusema shikamoo mjomba.

Hiyo sasa inakaribia mwaka. Plasta ya dada imeshatolewa, madirisha mapya makubwa yamewekwa na fundi mwingine. Nikipita, dada anaitikia salamu. Anaitikia tu. Mtoto anatambaa, nimeambiwa na watu.

Msione naandika nijitakase. Naandika kwa sababu kuna mtu anasoma hapa naye kuna kitu aliambiwa nusu, akakiacha pale pale ili aendelee na kazi yake. Nyumba nne za kwanza nimeshajisamehe, kwa kweli sikujua. Zile saba zilizofuata ndizo zinazoninyima usingizi. Kama unajenga karibu na mgodi wa zamani, taka kujua mchanga wako umetoka wapi, na chumba cha kulala kipate hewa. Kama una wasiwasi, uliza watu wenye kujua.

Mimi sikuwa na kisingizio kwamba wa kumuuliza yuko mbali. Ukuta mmoja wa zahanati ulikuwa wa ofisi ya afisa afya. Siku nne nilipiga plasta, yeye amekaa hatua tatu nyuma yangu anasoma gazeti, mara anakohoa, mara ananiuliza kama nimekula.

Nilimjibu nimekula, nikaendelea kusawazisha.