Mahari ya Haji na Sarafu ya Matapeli

Siku hiyo naikumbuka, mwanangu, na kila ikinijia uso unaniwaka. Mdogo wangu Haji alikuwa amenikabidhi fedha za mahari, alizozichuma kwa kuvua pweza. Baba yetu alishafariki, mimi ndiye mkubwa, basi nizitunze mpaka tutakapokwenda ukweni Bwejuu.

Kipindi hicho nilikuwa nimezama kwenye masoko ya sarafu za mtandaoni, yale yasiyo na ofisi wala wa kumlalamikia. Palikuwa na sarafu moja, utapeli mtupu. Ilipanda bei bila sababu, na karibu yote ilikuwa mikononi mwa wachache walioianzisha. Niliyaona hayo mapema, ujuaji ukanipanda kichwani. Nikaweka mahari ya Haji kuwa dhamana, nikachukua dau kubwa kuliko dhamana yenyewe, kwamba bei itaanguka. Nilijiambia hii si kamari, nawakomoa wezi.

Wezi wakaipandisha zaidi. Waliuziana wenyewe kwa wenyewe, bei ikaruka, soko likafunga dau langu na kumeza dhamana yote kabla sijamaliza chai. Baadaye sarafu ile ilianguka kweli, kama nilivyosema. Mimi sikuwa na kitu tena mle ndani.

Nilishindwa kumwambia Haji mpaka asubuhi ya safari, tukiwa tumeshavaa kanzu. Akafunga vifungo vya kanzu yake, akatangulia njiani. Tulipofika, baba wa binti akauliza fedha ziko wapi. Nikainama.

"Nimezitumia mimi, mzee," Haji akasema. "Kaka hajui lolote. Naomba muda."

"Aliyeshindwa kutunza mahari atamtunza mke?" mzee akauliza.

Nikanyamaza, mwanangu. Mimi, mkubwa wa familia. Binti akaozwa kwingine, na hadi leo huko Bwejuu Haji ndiye aliyekula mahari yake mwenyewe. Bado ananiamkia, "Shikamoo, kaka." Kuitikia marahaba kunanishinda.

Kumjua tapeli hakukupi nguvu juu yake. Bei iliyo mkononi mwake ataipeleka atakako, na wewe uliyeitegemea ishuke utakwisha kabla haijashuka. Usiingie soko hilo, hata ukiwa na hakika. Amana ya mtu usiiguse kabisa. Na ukikosea, sema hapo hapo, mbele ya watu wale wale, kabla mwingine hajaibeba aibu yako. Mwenyezi Mungu akukinge na ujuaji, mwanangu, na akujaalie ulimi mwepesi wa kukiri kuliko huu wangu.