Kazi Yangu Ilikuwa Kuanguka

Bibi yangu mzaa baba alipofuka macho hakuacha kusalimia watu. Alikaa mlangoni pale Kitahana akimenya maharage, na kila aliposikia hatua njiani aliweka ungo chini, akapiga makofi taratibu kama tunavyosalimiana sisi Waha, akasema, "Mwakeye." Halafu anauliza habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, na kama mvua ya jana ilifika na kwenu. Siku moja alimsalimia ndama. Ndama wa jirani alikuwa amekata kamba, akasimama hapo anakula maganda, na bibi akamuuliza habari za mama yake, kimya, habari za baba yake, kimya. Sisi wajukuu tulikuwa nyuma ya nyumba tumeshika matumbo. Bibi akauliza, "Huyu anayekula kwangu bila kuitika ni mtoto wa nani?" Tukamwambia ni ndama. Akafikiri, akasema, "Basi mrudisheni kwao, mkawaambie nimeshamsalimia."

Sijui kwa nini naanza na ndama. Niliketi niandike habari za sinema, na shule yangu iliishia darasa la pili, kwa hiyo mawazo yanakuja yanavyotaka yenyewe. Lakini bibi huyo ndiye aliyenilea, na baba ndiye aliyenifundisha kuanguka, kwa hiyo wote wawili wamo.

Baba alikuwa mtu wa mizinga ya nyuki. Mtu anayepanda miti kutundika mizinga ataanguka, hilo halina ubishi, la kujifunza ni kuanguka vizuri. Baba aliniambia, usinyooshe mikono kuipokea ardhi, ardhi haipokelewi. Jikunje, uviringike kama boga lililomponyoka mtu mlimani. Nilianguka hivyo utoto wangu wote. Baadaye nikaenda mkonge Tanga kama vijana wengi wa huku, nikaanguka kwenye vitoroli vya reli ya shambani, nikainuka. Nilirudi nikaoa kijijini Titye, upande wa Kasulu, nikatundika mizinga yangu mwenyewe.

Watu wa sinema walikuja Kasulu mwanzoni mwa miaka ya sabini. Walitoka Dar es Salaam na gari na kamera, wanatengeneza sinema ya kuwafundisha wananchi, habari za mvivu mmoja anayekimbia kazi za kijiji, na kila akikimbia anaanguka. Stelingi wao alikuwa mtu mnene mwenye sauti nzuri sana, lakini kuanguka hawezi. Siku hiyo nilikuwa sokoni na asali yangu. Walikuwa wamempandisha dereva wao kwenye baiskeli, amevaa shati la stelingi, aanguke kwa niaba yake, naye kila akifika mahali pa kuanguka anashusha mguu. Nikacheka. Mkubwa wao akanigeukia. "Ndugu, kama unajua kucheka, njoo uanguke wewe."

Nikaanguka. Nikaambiwa nirudie, nikaanguka tena, na baiskeli ikanifuata mtaroni. Tangu hapo shati lile la mistari myekundu likawa langu. Nilianguka kutoka juu ya paa, nikaanguka kutoka mtini, nikaanguka na mtungi wa pombe kichwani. Mke wangu alisema, "Watu huumia kwa ajili yao wenyewe. Wewe unaumia kwa niaba." Lakini sinema ilipoonyeshwa uwanjani Kasulu kwenye shuka jeupe, yeye ndiye aliyewaambia majirani, "Huyo mnayemwona akianguka, mgongo ule ni wa nyumbani kwangu."

Nilikuwa na tabia moja iliyowaudhi watu wa kamera. Kabla ya kuanguka popote, nilizunguka kwanza nikamsalimia kila mtu aliyesimama pale, mmoja mmoja, kwa makofi, wazee kwa kuinama. Mkubwa wao alikuwa anatazama mbingu. "Mzee, jua linapanda." Namwambia lipande tu, halijaniita. Hawakujua sababu, na mimi sikuwa na maneno ya kuwaeleza. Ni malezi tu.

Waliporudi kutengeneza sinema nyingine, safari hii Kibondo, walinitumia ujumbe. Nilipanda lori kwenda huko na goti langu la kulia limevimba, maana umri ulikuwa umesogea na mizinga haina huruma. Na pale nikamkuta kijana.

Alikuwa mtoto wa watu waliokimbia kutoka Burundi, wanalima kwenye shamba la kuazima karibu na Kitahana. Mwembamba, anaruka kama wacheza ngoma wa kwao, na akianguka huoni alivyogusa chini. Mkubwa wao alisema wazi mbele yetu sote kwamba baada ya Kibondo wanaendelea hadi Tabora na kwingine, na gari lina nafasi ya mtu mmoja tu wa kuanguka. Nami nilitaka nafasi hiyo. Nilitaka sana, nisikudanganye. Nyuki wanajulikana kwa baba yangu, shamba linajulikana kwa wakwe zangu. Kitu pekee nilichokuwa nacho mimi, kilichofanya watu wanionyeshe kwa kidole barabarani, ni kule kuanguka.

Tulishindanishwa mchana kweupe, kwenye rundo la nyasi nyuma ya ghala la kahawa. Mimi nikaanguka. Kijana akasema kwa sauti ya kusikika, "Mzee ameanguka kama gunia la muhogo."

"Gunia huanguka na kitu ndani," nikamjibu. "Wewe unaanguka kama bwana harusi anayeogopa kuchafua suruali."

Watu wakacheka, yeye mwenyewe akacheka. Kisha akapanda ukutani, akajitupa kinyumenyume, na kicheko kikaisha. Hata mimi nilijisahau nikasema, loo. Mkubwa wao alinijia akaninyooshea mkono, nikavua shati nikampa.

Usiku huo ningeweza kurudi nyumbani. Sikurudi. Nilijiambia goti linahitaji kupumzika, lakini ukweli ni kwamba nilitaka kumwona akikosea.

Kipande cha mwisho kilikuwa hivi. Mvivu anaanguka kutoka kwenye lori la magunia linalopanda kilima, anazimia kando ya barabara. Wanakijiji wanakuja na majembe begani wakienda shambani, wanampita bila kumtazama, kwa sababu wamemchoka. Hao wanakijiji walikuwa wanakijiji kweli, watu wa hapo hapo jirani na kwao kijana, na wengi wazee.

Lori likaja. Kijana akaanguka, na kwa haki ya Mungu sijawahi kuona anguko kama lile. Akalala kama kitambaa. Wanakijiji wakaja na majembe. Bibi mmoja wa mbele alipomfikia akasimama, akatua jembe, akapiga makofi. "Mwakeye, mwanangu."

Na kijana, amelala chali, amefumba macho, akapiga makofi. "Ego, mama, amahoro, ni amani tu. Mmeamkaje?"

"Tumeamka. Umeumia?"

Nyuma yake wengine nao wakatua majembe, wakapanga foleni ya kumsalimia aliyezimia.

Mkubwa wao akaja mbio. Akawaeleza, akawaeleza tena, wakaitikia wote kwamba wameelewa. Lori likarudi chini, kijana akaanguka upya, na bibi yule yule akasimama.

"Mama," mkubwa wao akasema, "huyu amezimia. Aliyezimia hasalimiwi."

"Ndiye wa kusalimiwa kwanza," bibi akasema. "Ninyi kwenu mnamruka tu?"

Mkubwa wao akamgeukia kijana. "Na wewe unaitikia nini?"

Kijana akakaa kitako, vumbi usoni. "Ni mama mzee, ndugu. Sisi ni wageni hapa. Nisipomwitikia leo, kesho mama yangu ataomba moto nyumba gani?"

Hapo ndipo nilipoacha kumwombea mabaya. Sikupanga, niliacha tu.

Mkubwa wao akasema mkanda uliobaki kwenye kamera ni wa mara moja. Akanitafuta kwa macho. Nilikuwa nimeketi kwenye kivuli cha lori, mguu nimeunyoosha. "Mzee, Kasulu walikuwa hawakusalimii ukishaanguka. Vaa shati."

Kijana akaanza kuvua. Hakubisha. Vifungo vyake vilikuwa vinamshinda, mikono imejaa vumbi, na mimi nikafikiri: shati hili nikilivaa, nitaanguka mara moja, goti litabaki hapa barabarani, na huyu atarudi kwenye shamba la kuazima. Huko Tabora nani atawaangukia?

"Funga vifungo," nikamwambia. "Njoo."

Nikamshika mkono, nikampeleka kwa yule bibi wa mbele. Nikainama, nikapiga makofi, naye kijana akapiga. Nikasema, "Mama, huyu ni mwanangu. Mama yake analima kule ng'ambo ya kijito. Anataka kukupa salamu zote za leo, ya asubuhi na ya jioni, kwa sababu baadaye atakuwa kazini." Bibi akamuuliza ya nyumbani, ya mama yake, ya mvua. Akajibu yote. Tukaenda kwa wa pili. Tukaenda kwa wote, mzee kwa mzee, na baadhi yao walikuwa hawajawahi kumsemesha tangu familia yake ihamie pale. Mmoja alimwahidi mbegu za maharage. Mkubwa wao alikuwa anatazama mbingu, jua linapanda, lakini safari hii alinyamaza.

Watu walipungua mmoja, yule aliyekwenda kunywa maji akaona uvivu kurudi. Nikaokota jembe lake nikasimama mwisho wa mstari. "Mtembee mpaka niseme basi," mkubwa wao akatuambia.

Lori likapanda. Kijana akaanguka. Bibi wa mbele akafika, akampita, shingo imenyooka, akasema chini chini, "Nimeshamsalimia." Wa pili akampita. Wote wakampita. Nilipofika mimi nilimtazama kwa pembe ya jicho, na kope zake zilikuwa zimetulia kabisa, vumbi limekaa juu yake, hata halikutikisika. Nikasema moyoni, sawa.

Nikampita. Nikaendelea kutembea. Nyuma nikasikia mkubwa wao akisema basi, na watu wakipiga vigelegele, na jina ambalo si langu likiitwa. Barabara ile inakwenda Kasulu, na Titye iko huko huko mbele, na goti kwa namna fulani lilikuwa linakubali. Sikugeuka. Nilibadilisha jembe bega, nikaenda.