Kivuli cha Beseni la Karoti

Mimi ni mtu wa kununa, na ninakiri mapema ili msomaji asije akadhani kwamba nilipokea ushauri kwa unyenyekevu. Nilinuna wiki tatu nzima. Niliyemnunia ni fundi wa meno ya bandia, mtu ambaye leo nikimwona kwa mbali sokoni navuka barabara makusudi ili nimsalimie.

Hapa Gisenyi, mji wa Rwanda unaopakana na Goma ya Kongo, tuko watu saba tunaopaka rangi sanamu za plastiki zenye urefu wa kidole gumba. Ni askari wa zamani, wakulima, wanawake wenye ndoo, farasi mmoja mmoja. Zinatoka ng'ambo ndani ya maboksi, zikiwa za kijivu tupu. Mwenyekiti wetu ni mpokezi katika hoteli moja ya ufukweni, na kuna mgeni wake anayerudi kila mwaka akiwa na boksi jipya kwenye sanduku. Jumapili baada ya ibada tunakutana barazani kwa mwenyekiti, tunainamia meza mpaka shingo zinauma, tukitia mboni kwenye macho madogo kuliko punje ya ulezi. Dada zangu wanasema nimekosa mume ndiyo maana nachezea wanasesere.

Tuna desturi moja. Aliyemaliza sanamu huibandika juu ya kizibo cha soda, na kizibo kinazunguka meza mkono kwa mkono. Kila mmoja lazima aseme neno kabla hajakipitisha kwa jirani. Neno lilikuwa lilelile: nzuri sana, hongera, félicitations, una mikono ya dhahabu. Baadaye picha inaingia kwenye kundi letu la WhatsApp na mioyo myekundu inamiminika. Nisijifanye mtu mkubwa, nilizipenda sifa zile. Kazini kwangu, kwenye ofisi ya bima, hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba mikono yangu ni ya kitu chochote.

Fundi wa meno aliletwa na mwenyekiti, ambaye meno yake mawili ya mbele yalitoka kwenye karakana yake nyuma ya soko. Alikulia Goma, familia yake ikarudi upande huu akiwa kijana, na Kiswahili chake kimebaki cha kule. Ni mfupi, viatu vyake havina vumbi hata siku ya mvua, na simu yake ni ile ndogo yenye tochi. Kizibo kikimfikia, huvaa miwani ya kazi, akaitazama sanamu chini ya kidevu, kwapani, hata nyayoni. Kisha humtazama mwenye kazi na kuuliza, "Niseme ao ninyamaze?"

Watu walikuwa wanacheka na kumwambia anyamaze. Naye alisema "bon" na kukipitisha kizibo, bila kinyongo. Ukimruhusu aseme, alitaja kosa moja tu, hata kama aliona kumi. Mwenyekiti alituambia kwamba hata meno yake hakukabidhiwa mpaka fundi alipomtoa nje juani akayatazama upya, na kuyarudisha ndani mara mbili, ingawa mwenyewe alikuwa ameshayapenda.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili lilinigusa kiasi kile. Mama yangu alikuwa mchuuzi wa karoti. Alizichukua kwa wakulima wa Nyundo, akaziosha, akavuka nazo kizuizi cha mpakani, Petite Barrière, kwenda kuziuza Goma, beseni kichwani, miaka yote ninayoikumbuka. Sikio lake la kushoto lilikuwa halisikii tangu utotoni, lakini aliwasikia wateja wake wote. Alipofariki, baba alizika na maneno yake pamoja naye. Zaidi ya mwaka ulipita hajamtaja. Ukisema "mama", yeye anauliza kama maziwa yamechemshwa. Dada zangu walisema tumwache, ndivyo wanaume wanavyolia. Mimi niliogopa kwamba anamsahau, au kwamba sisi tutamsahau kwa kukosa wa kutusimulia. Nikawaza kwamba nikimtengenezea baba mama mdogo wa kushika mkononi, labda angesema neno. Neno moja lingenitosha.

Nilimchukua mwanamke wa kijivu mwenye ndoo, nikamkata mkono, nikamuunga mwingine wa kushika beseni, nikamfinyangia kitenge kwa dongo la gundi. Kazi hiyo ilinichukua miezi mitatu. Karoti zenyewe zilikuwa ishirini na mbili, kila moja ndogo kuliko nusu ya punje ya mchele, na kila moja niliitia mstari wa mwanga ubavuni. Jumapili ile kizibo kilizunguka na watu wakapagawa. Karoti hizi! Njoo uone karoti! Mwenyekiti alipiga picha sita. Nami nikasimulia ni nani yule na anapelekwa kwa nani, wote wakasema baba atalia kwa furaha.

Kizibo kikamfikia fundi. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza swali lake. Nami, kwa kiburi cha mtu aliyekwisha kushangiliwa, nikamwambia aseme.

"Mama huyu hajabeba kitu," alisema. "Karoti iko peke yake, mama iko peke yake. Beseni kubwa hivi, na uso unangaa kama wa mutu mwenye anaenda kwenye ndoa. Kivuli ya beseni iko wapi?"

Mtu mmoja akasema si vizuri kuongea hivyo juu ya marehemu. Nilikusanya brashi zangu, nikamchukua mama yangu na kizibo chake, nikashuka mtaani bila kuaga. Njiani nilitunga matusi mazuri sana ambayo hayakupata wa kuyasikia.

Jumapili mbili sikuenda. Kundini walinitumia mioyo, wakasema fundi ana wivu. Nilisoma ujumbe huo mara nyingi, na kila mara ulinituliza kwa muda wa dakika tano hivi. Kisha siku moja ofisi ikanituma kupeleka karatasi kwa mteja mwenye duka karibu na Petite Barrière. Ilikuwa saa sita, jua limesimama utosini. Wanawake walikuwa wanavuka kwa mamia, mabeseni ya vitunguu, ya nyanya, ya karoti. Nikasimama. Kila mmoja alikuwa na usiku usoni. Kivuli kilianzia kwenye nywele kikashuka mpaka chini ya kidevu, na mwanga ulianzia mabegani. Macho yao hukuyaona mpaka walipokuwa wakikupita karibu. Mama yangu alinipita hivyo mara ngapi, nikiwa na sare ya shule, nami nikakumbuka karoti tu.

Hapo ndipo hasira yangu ilipozidi, kwa sababu fundi alikuwa amesema kweli.

Niliamua kufuta rangi yote na kuanza upya. Nyumbani nilikuwa na chupa ya dawa ya kutoa rangi ya kucha. Nikauliza kundini kama inafaa kwa sanamu. Dakika haikwisha, majibu matano: inafaa sana, dada, courage, wewe huna unaloshindwa, na vidole gumba viwili. Asubuhi nikamtumbukiza mama kwenye glasi ya dawa hiyo, nikaenda kazini. Niliporudi kula mchana, beseni lilikuwa limemwagikia mabega, na mabega yamekaa juu ya kitenge. Alikuwa kama peremende iliyonyonywa na mtoto ikatemwa. Hakuna hata mmoja wa wale watano aliyewahi kuijaribu dawa ile. Walikuwa wananipa moyo tu.

Nililia, kisha nikaifunika glasi kwa sahani na kwenda moja kwa moja karakanani kwa fundi. Nia yangu ilikuwa kumlaumu. Kama asingefungua mdomo, mama yangu angekuwa mzima kabatini.

Alikuwa na mteja kitini, bibi mmoja asiye na meno ya juu. Fundi aliinua sahani, akanusa, akaelewa. Hakucheka. Aliuliza tu nani aliniambia niweke, na nilipomtajia majibu matano akatikisa kichwa. Akasema watu wangu wananipenda, ila hawakuangalia. Kisha akaeleza kwamba kwenye kazi yake ndiyo hivyo: jino ukilifanya jeupe kabisa, mteja anafurahi na jirani zake wanasifu, na wote wanajua ni la bandia. Jino la kweli lina manjano kidogo shingoni na buluu kidogo kwenye ncha, na ukilipatia hivyo hakuna atakayekusifu, kwa sababu hakuna atakayeliona. Nilisimama na glasi yangu nikikosa mahali pa kuweka hasira.

"Mama yako alikuwa anatembea namna gani?" akauliza.

Nilidhani anataka maelezo. Alitaka nimwonyeshe. Akaweka ngata ya kitambaa kichwani mwangu na juu yake mfuko wa plasta, na mimi, karani wa bima mwenye viatu vya kisigino, nikatembea kutoka mlangoni hadi dirishani na kurudi. Yeye alikuwa na nta mkononi, anaminya bila kuitazama, akinitazama mimi. Mguu gani unatangulia? Mkono wa pili ulikuwa wapi? Mzigo unakaa katikati kabisa? Nikajibu ndiyo, katikati kabisa. Yule bibi asiye na meno alinisahihisha mgongo mara mbili kutoka kitini kwake, maana na yeye alibeba miaka mingi.

Baada ya wiki mbili aliniita. Juu ya kitambaa safi alisimama mama yangu, wa rangi ya ufizi. Fundi alikuwa amemchonga kwa nta akammimina kwa ile resini, plastiki ya waridi anayotengenezea ufizi wa bandia. Goti la mbele limekunjika kidogo, shingo imeingia mabegani kwa uzito. Kitenge kilikuwa na mkunjo pale anapokikaza mtu kabla ya kupanda mlima. Nilimtafutia kosa kwa juhudi zote, kwa sababu ya ile hali yangu ya kununa, lakini sikuliona. Sijui alitumia jioni ngapi. Nilipoanza kushukuru akasema mteja anasubiri.

Nikapaka upya. Safari hii nilianza na kivuli, kahawia iliyotiwa buluu, kuanzia kwenye ngata hadi kwenye mifupa ya kifua, na macho nikayaacha ndani ya giza hilo bila mboni za kung'aa. Mwanga niliuweka mabegani na kwenye ukingo wa beseni. Karoti nilizipunguza ukali zikatulia. Chini ya nyayo sikupaka kitu, nikaacha waridi, nikijua kuna mtu mmoja atakayegeuza kuangalia.

Jumapili kizibo kikazunguka. Nzuri sana. Félicitations. Mikono ya dhahabu. Ni maneno yaleyale waliyompa yule mama wa kwanza, aliyeng'aa bila mzigo, na kwa mara ya kwanza niliyasikia yakipita kama upepo wa ziwani. Siwadharau wenzangu, ndio walionishikisha brashi nilipokuwa sijui kitu. Lakini nilikuwa nasubiri mtu mmoja.

Fundi akavaa miwani. Akatazama kidevu, kwapa, akageuza nyayo, akaona waridi, akasimamisha. Nilingoja swali lake, na nilikuwa tayari kumwambia aseme. Hakuliuliza.

"Peleka kwa papa," alisema, akanirudishia mkononi badala ya kupitisha kwa jirani.

Nilikwenda kwa baba siku ileile. Alikuwa sebuleni na chai yake. Nyumbani tunaongea Kinyarwanda, lakini baba alizaliwa na kukulia Karagwe, upande wa Tanzania, na jambo likimgusa hurudi kwenye Kiswahili cha kule. Nilimwekea kizibo kiganjani bila kusema. Aliinuka nacho polepole mpaka dirishani. Akakiinamia mpaka nikaanza kutafuta namna ya kuuliza kama maziwa yamechemshwa.

"Beseni umelikosea," akasema.

Nikanyoosha mkono nikichukue, hakukiachia.

"Umeliweka katikati. Mama yako hakubeba katikati hata siku moja. Alilisogeza kushoto, upande wa lile sikio bovu, ili la kulia libaki wazi. Alitaka kusikia anayemwita." Akakigeuza kizibo kwenye mwanga. "Mimi nilikuwa namwita kutoka kulia. Watu wote wa pale mpakani walijua kumwita kutoka kulia. Wewe hukujua?"

Sikujua. Miaka yote ile nilimwona ameinama upande mmoja na beseni lake, nikadhani ni uchovu. Na baba alikuwa amesema maneno mengi kwa pumzi moja kuliko mwaka mzima uliopita, na yote yalikuwa makosa yangu, na sijawahi kusifiwa nikafurahi namna ile.

Nikavuta kiti karibu na dirisha nikamwuliza ni nini kingine nilichokosea.

"Kaa chini," akasema baba, bila kuondoa macho kwa mama. "Ni mengi."