Mkwe wa Mkiani

Kiangazi kile nilikuwa nachumbia binti wa kule Lagangabilili, na mzee wake hakuuliza kazi yangu wala cheti changu cha masomo ya jioni. Aliuliza kama naweza kunyanyua ng'ombe. Kwetu, malisho yakiisha, ng'ombe dhaifu akilala, asubuhi hasimami mpaka wanaume wamshike pembe na mkia wamwinue. Mzee alitaka mkwe wa mkiani.

"Nipe mwezi mmoja, baba," nikamwambia, kana kwamba njaa ya ng'ombe ingenisubiri.

Nikarudi Bariadi, kwenye jimu ya fundi wa kuchomelea: bomba la maji, kila ncha ndoo ya rangi iliyojazwa zege. Kazi ilikuwa kulivuta kutoka chini hadi kiunoni, basi. Wiki ya kwanza nililivuta na kulibwaga mpaka mabati ya jirani yakalia. Kisha nikachoka kurudia kitu kilekile, nikaanza kufuata video za kwenye simu. Leo navuta nimesimama juu ya matofali, kesho kwa mguu mmoja, keshokutwa nimetanua miguu kama meza. Kila siku maumivu mapya, nami nikadhani maumivu ndiyo nguvu. Kifua kilijaa hadi vifungo vya shati vikaomba uhamisho.

Wiki ya tatu fundi akasema, "Hebu vuta lile la mwanzo."

Nikavuta. Ndoo zikabaki pale kama zina hati ya kiwanja.

"Umekuwa hodari wa kuanza, mkwe wa watu," akasema. "Kila siku unaupa mwili kazi ngeni. Utazoea lini?"

"Kwa hiyo niache yote?"

"Rudi kwenye lile la mwanzo. Bakiza hilo la kutanua miguu tu, tena mwishoni. Ukiwa nyuma ya ng'ombe utasimamaje, kama mlingoti?"

Nikatii. Siku ya kurudi ukweni nikavaa shati jeupe. "Mwangaluka, baba," nikasalimia, vijana wake wawili wakashika pembe za ng'ombe aliyelala zizini, mimi mkia. Nikatanua miguu, nikavuta kama navuta lile bomba. Ng'ombe akajikongoja, akasimama, na kwa shukrani zake zote akanimwagia mavi kuanzia kola hadi mkanda.

Mzee akamtazama ng'ombe, akanitazama mimi.

"Kesho uje na shati la kazi," akasema. "Kuna wengine wawili. Sasa nenda, mwambie mkeo akupe maji ya kuoga."